Fundo la Dakika Nne

Ofisi ya Ratiba, ghorofa ya pili
3 Februari

Mzee wangu,

Shikamoo. Natumaini goti la Mama limetulia, na kikohozi kinakupa nafasi ya kusoma. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu huipendi. Ulishaniambia kwamba kwenye simu watu hukatizana kauli kama madereva wasio na adabu.

Kaa kwanza, nina habari.

Wametupa njia. Barabara Kuu, kuanzia Soko la Chini mpaka ng'ambo ya Daraja, upande mmoja umepigwa mstari wa manjano na hakuna wa kupita humo isipokuwa basi. Ni ile ile uliyoiandikia barua tatu ulipokuwa hapa, na mara tatu ukajibiwa kwamba suala lako linazingatiwa. Lakini ni majaribio ya siku tisini tu, kuanzia tarehe mosi Machi. Baraza la jiji litahesabu abiria. Wakifika elfu kumi na mbili kwa siku, njia inabaki. Wakipungua, mstari unafutwa, magari madogo yanarudi, na sisi tunarudi kuvuka Daraja kwa saa moja na nusu, shingo za watu zikiwa makwapani mwa wenzao.

Wametuletea na Mtaalamu. Mzee, huyu bwana ni moto! Kazi yetu ya wiki mbili anaimaliza kwenye kompyuta kabla chai haijapoa. Hafoki, harudii neno, akikueleza jambo unaelewa hapo hapo. Sijawahi kuona mtu anayefundisha vile.

Ubao wako bado uko ukutani. Tunahamishia nyuzi zako kwenye mashine, uzi mmoja mmoja. Mashine inadai sababu ya kila dakika ambayo basi linasimama kusubiri. Pasipo na sababu, inaifuta. Una mafundo kumi na matatu. Kumi na mawili nayajua, ulinifundisha mwenyewe: la hospitali ni kwa ajili ya viti vya magurudumu, la shule ya wasioona linajieleza, na kadhalika. La kumi na tatu silijui. Uzi mweusi, basi la jioni, kituo cha Kiwanda cha Nguo. Linafika saa kumi na dakika nane, linaondoka saa kumi na dakika kumi na mbili. Kengele ya kiwanda inalia saa kumi kamili, na kutoka getini mpaka kituoni ni mwendo wa dakika tatu. Watu wote wanakuwa wameshafika. Sasa basi linamsubiri nani?

Msalimie Mama.

Mwanao,
Penseli

*

Nyumbani
12 Februari

Penseli,

Marahaba. Habari ya njia niliipokea nikiwa nimekaa kama ulivyoagiza. Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena, mpaka mama yako akauliza kama kuna siafu kwenye kiti. Miaka thelathini na moja niliingoja. Nafurahi kwamba imefika, hata kama imefika baada ya mimi kuondoka, mikononi mwa wageni.

Mweleze Mtaalamu wako namna ubao ule unavyosomwa, maana naona ana haraka. Juu, kutoka kushoto kwenda kulia, ni saa za siku. Ubavuni, kutoka juu kwenda chini, ni vituo. Kila basi ni uzi mmoja uliotandazwa kwa misumari. Uzi ukiteremka wima, basi linakimbia. Ukilegea, limekwama. Ukilala kabisa, limesimama. Na pale ambapo nataka lisimame hata kama dereva ana haraka ya kwenda kwao, napiga fundo, ili kidole cha mkaguzi kinapofuata uzi kijikwae hapo na kikumbuke. Ukiutazama ubao mzima kwa dakika moja, unaliona jiji lote likienda na kurudi, unajua nani amechelewa na nani atapigana na nani mlangoni. Kompyuta inachora haraka, sibishi. Hata mvua inachora haraka ukutani.

Unasema hujawahi kuona mtu anayefundisha vile. Vizuri. Mimi nilikufundisha miaka minane. Pengine nilikuwa nafundisha namna nyingine.

Kuhusu fundo la kumi na tatu: uzi ulikatika, nikauunga. Wakati ule kuomba uzi mpya ilibidi ujaze fomu nne. Halina maana. Lifuteni.

Mzee wa Ratiba

*

Ofisi ya Ratiba
20 Machi

Mzee wangu,

Shikamoo. Leo ni siku ya ishirini. Ungeona siku ya kwanza! Basi lilivuka Daraja kwa dakika ishirini na mbili. Abiria walishuka ng'ambo wakabaki wamesimama kituoni, hawajui waende wapi na muda uliozidi. Mama mmoja alimwambia dereva, "Baba, umeruka vituo au mimi nimesinzia?" Tulicheka mpaka machozi.

Wiki ya kwanza tulipata elfu kumi na mbili na hamsini. Ya pili, elfu kumi na moja mia tisa. Sasa tuko elfu kumi na moja mia saba na hesabu haipandi. Upungufu wote uko kwenye uzi mweusi, wale wa ng'ambo ya Daraja, kule nyumba zilikobanana hata jirani akipiga chafya unamwambia pole. Jioni hawapandi, na kwa kuwa tiketi ni ya kwenda na kurudi, hata asubuhi hawapandi tena. Nilimweka karani kituo cha Kiwanda jioni tatu mfululizo. Anasema basi linafika, wanapanda watu sita, linaondoka naye.

Lile fundo nililifuta kama ulivyosema. Nilishangaa kidogo, kwa sababu uzi uliokatika hauwezi kulala dakika nne juu ya msumari, lakini nikajiambia wewe ndiye uliyeupiga.

Naambatanisha kipande cha gazeti chenye picha ya ubao wako. Mtaalamu ndiye aliyesimama kulia. Mzee, njoo siku moja tu uuangalie huu uzi kwa macho yako. Mtaalamu naye anatamani sana kukuona, kila siku ni "Mzee wako angefanyaje hapa?"

Mwanao,
Penseli

*

Nyumbani
29 Machi

Penseli,

Marahaba. Gazeti limefika. Nimelipima kwa rula. Mkono wa Mtaalamu umefunika vituo vitano, kuanzia Soko la Chini mpaka Mzunguko, na kidole cha shahada kimekaa juu ya msumari nilioupiga mwenyewe mwaka ambao paa la ofisi lilivuja. Chini ya picha wameandika: "Mtaalamu akionyesha ratiba mpya." Mpya! Ubao ule umri wake ni mkubwa kuliko wa mke wake, kama anaye.

Sidai kitu. Mimi ni mstaafu, nina bustani ya mita nne kwa tatu, nina mama yako, nina kikohozi. Ila naomba uelewe jambo moja, na nakueleza taratibu kwa kuwa sina haraka. Mtu akikesha juu ya kitu maisha yake yote, halafu akamwona mwingine amekiwekea mkono mbele ya mpiga picha, hata kama mkono wenyewe ni safi, tumbo linakataa chakula. Mama yako anasema ni gesi.

Kuja siwezi. Goti la mama yako. Na uzi mweusi usinisumbue nao tena. Muulizeni mwenye mkono.

Mzee wa Ratiba

*

Ofisi ya Ratiba
20 Aprili

Mzee wangu,

Shikamoo. Sina mengi. Leo ni siku ya hamsini na moja. Tuko elfu kumi na moja mia sita na themanini. Baraza limeshaita mafundi wa rangi waje kupima mstari, wajue kuufuta kutahitaji madebe mangapi. Niliwaona kwa dirisha, wameinama na futi yao katikati ya njia yako, basi linawapigia honi.

Nilikuwa sitaki kukwambia hili, nisionekane namtetea mtu. Siku ya gazeti, Mtaalamu alimweleza mwandishi robo saa nzima kwamba ubao ule ni wa mzee mmoja mstaafu, na kwamba katika nchi zote alizofanya kazi hajaona mwingine uliojaa watu kama ule. Mwandishi akakata, akasema nafasi ni ndogo. Mtaalamu alinunua nakala, akasoma, akaikunja, akaitia kapuni.

Sikuombi umpende. Nakuuliza mara ya mwisho, kwa ajili ya hiyo njia yako: saa kumi na dakika nane, kituo cha Kiwanda, basi lilikuwa linamsubiri nani?

Penseli

*

Nyumbani
27 Aprili

Penseli mwanangu,

Funga mlango wa ofisi, kisha usome. Na mama yako asijue, hata siku moja.

Nilikudanganya. Uzi haukukatika.

Utakumbuka kwamba mama yako alishona kiwandani pale miaka kumi na tisa. Mwaka wa tatu wa ndoa yetu alikuja msimamizi mpya wa zamu, kijana mwenye gari, na kwenye gari redio. Siku hizo gari lenye redio lilikuwa kama ikulu ndogo. Mama yako akikosa basi, msimamizi alikuwa anapita pale kituoni bila kukosea, anateremsha kioo. Alipanda mara mbili. Nilihesabu. Alirudi nyumbani mapema, ametulia, hana jasho, anauliza kwa nini mimi nimenuna.

Wewe ungefanyaje? Mwanamume mwingine angekwenda getini kugombana. Mimi silaha yangu ilikuwa uzi. Nikachunguza kwa nini anakosa basi, nikagundua kwamba kengele inalia saa kumi, lakini hawatoki saa kumi. Wanapekuliwa mikoba getini, mmoja mmoja, na mstari wa cherehani unapekuliwa mwisho kwa sababu wao ndio wenye nguo zilizokamilika. Mtu wa mwisho wa cherehani anafika kituoni saa kumi na dakika kumi na moja. Asubuhi yake nikapiga fundo. Wakuu waliponiuliza, nikajibu "mahitaji ya kiufundi". Basi la umma, dereva wa umma, dakika nne kila jioni kwa miaka mingi, kwa sababu ya wivu wangu mimi.

Kwa hiyo ulipouliza, niliona aibu. Huo ni ukweli nusu. Nusu ya pili ni mbaya zaidi: nilitaka Mtaalamu ajikwae. Nilitaka mje mseme kwamba bila Mzee haiwezekani. Nimelipata nililolitaka, na mafundi wa rangi wanapima njia yangu kwa futi.

Kumbuka kwamba waliokuwa wanapanda si mama yako peke yake. Ni mstari mzima wa cherehani, mia moja na sitini. Kwenda na kurudi, mia tatu na ishirini. Jumlisha na za kwako uone. Karani wako hakuwaona kwa sababu alipima kituo kwa saa ya basi, akaondoka nalo. Angebaki dakika tatu angewakuta wanakimbia, na pikipiki zinawasubiri. Hilo ni kosa letu sisi watu wa ratiba: tunaamini kituo kipo pale basi linapokuwepo tu.

Rudisha fundo. Sababu yake iandike utakavyo, isipokuwa ile ya kweli.

Mzee wako

*

Nyumbani
27 Aprili

Mwanangu Penseli,

Salamu nyingi. Goti linaendelea vizuri, usimsikilize. Nakuandikia jikoni, yeye yuko mezani tangu asubuhi na kalamu mdomoni, amechana karatasi tano, nadhani anamlalamikia tena mhariri wa gazeti juu ya ile picha. Naomba haya yabaki kati yetu, Mzee asijue.

Barua zako ananisomea kwa sauti, ila akifika mahali fulani anaruka, kama redio yenye betri zilizochoka. Basi nazisoma mwenyewe akienda kunyoa ndevu. Nimeona unavyouliza basi lilikuwa linamsubiri nani.

Lilikuwa linanisubiri mimi.

Usicheke. Siku moja nilimpelekea chakula ofisini, hakuwepo, nikauangalia ule ubao. Niseme ukweli, sikuwahi kuupenda. Miaka yote umekuwa mke mwenza wangu. Anaupangusa vumbi, anaongea nao, akiugua anauulizia kabla hajaniulizia mimi. Nikaweka kidole kwenye uzi wa basi langu, nikaufuata, kikajikwaa pale Kiwandani. Nikasoma saa. Nikajua. Mwanaume ambaye hajawahi kuniambia hata nguo imenipendeza, kumbe amelifunga basi zima kwa ajili yangu! Tangu siku hiyo nilimsamehe ubao wake.

Baadaye nilikuwa naleta ujeuri. Nafunga kiatu getini mara mbili, namsalimu mlinzi, namwuliza habari za watoto, nione kama litaondoka. Haliondoki. Na yule msimamizi wa gari, nilipanda mara mbili tu. Alikuwa ananuka mafuta ya nywele na hadithi zake zote ni za mama yake. Mara ya pili nilisinzia. Mzee wako akanuna wiki nzima, nami sikumwambia kitu, kwa sababu kununa kwake kulikuwa kunanipendeza.

Kwa hiyo lirudisheni hilo fundo. Wenzangu wa cherehani bado wanapekuliwa mwisho, hilo halijabadilika.

Mama yako

*

Ofisi ya Ratiba
31 Mei

Mzee wangu na Mama yangu,

Shikamooni. Barua hii ni moja, someni pamoja, na asiwepo wa kuruka mahali.

Fundo lilirudi tarehe 4 Mei. Tuliwaomba wasimamizi wa zamu ruhusa ya kubandika saa mpya getini, na jioni ya kwanza nilisimama kituoni mwenyewe. Saa kumi na dakika tisa, hakuna mtu. Dakika ya kumi, hakuna mtu. Dereva akanitazama kama mtu aliyekosa kazi. Dakika ya kumi na moja wakatokea kwenye kona wote kwa pamoja, viatu mkononi, mikoba kichwani, na wa mbele akapiga kelele, "Jamani, limetusubiri!"

Juzi ilikuwa siku ya tisini. Elfu kumi na mbili na arobaini na moja. Mafundi wa rangi wamekuja, lakini kuongeza mstari wa pili, upande wa kurudi.

Mashine ilidai sababu ya dakika nne. Nilikuwa nimeahidi watu wawili kunyamaza, nami nimenyamaza. Niliandika: "Mstari wa cherehani hupekuliwa mwisho." Mtaalamu alisoma, akauliza, "Mzee wako alijuaje?" Nikamwambia, ni mahitaji ya kiufundi.

Njooni Jumatano ya wiki ijayo. Mpande lile basi kutoka Kiwandani, nitawapokea ng'ambo. Mtaalamu atakuja na gari lake kupiga picha za njia; nimemwambia mapema kwamba ubao asiuguse.

Mwanenu,
Penseli

*

Nyumbani
14 Juni

Penseli mwanangu,

Ulipotukuta kituoni ng'ambo uliuliza imekuwaje nimefika peke yangu, na mama yako akacheka badala ya kujibu. Nakueleza sasa, kwa utaratibu.

Tulifika Kiwandani saa tisa na nusu. Mama yako akaniambia, "Wewe tangulia kituoni, mimi niwasalimie wenzangu getini." Basi likaja saa kumi na dakika nane kamili. Nikapanda, nikashika kiti cha dirishani, na cha pembeni nikakiwekea kofia. Wanawake wakaja kama ulivyosema, viatu mkononi. Wakajaa. Mama yako simwoni. Nikachungulia: yuko pale kwenye kona, mkono kwenye bega la mlinzi aliyemsindikiza, ameinama anafunga kiatu. Kiatu chenyewe, Penseli, hakina kamba.

Dereva akawasha injini.

Nikamwambia, "Subiri, kijana, kuna mtu anakuja."

"Mzee, ratiba ni ratiba."

"Ratiba hiyo niliitunga mimi!"

"Basi wewe ndiye unayejua zaidi kwamba dakika ni nne."

Basi zima likacheka. Mlango ukafungwa. Nikageuka nyuma, na ninachokwambia nilikiona kwa macho yangu: gari la Mtaalamu likasimama pale kwenye kona, kioo kikateremka, na mama yako, bila kufikiri mara mbili, akapanda. Mbele. Sikuhitaji kuuliza kama lina redio.

Umri wangu ni miaka sabini na mmoja. Nilidhani kitu kile kilishakufa ndani yangu. Kumbe kilikuwa kimelala tu juu ya msumari.

Walitupita tukiwa tunashusha watu kituo kilichofuata, lakini kwenye Mzunguko tukawakuta. Wao wako kwenye foleni, magari manne kila upande, hakuna anayesogea. Sisi tuko kwenye njia yetu. Tulipita ubavuni mwao polepole kiasi cha kuonana vizuri. Mtaalamu alikuwa anaeleza jambo kwa mikono yote miwili, na mama yako anacheka, anafuta macho kwa ncha ya kitambaa chake. Aliponiona akanipungia mkono. Nami nikampungia, maana ningefanya nini? Kisha mstari wa manjano ukatubeba, wakabaki nyuma, wadogo, wadogo zaidi, wakapotea. Nakiri kwamba sikuwahi kuipenda njia ile kama nilivyoipenda dakika ile.

Tulivuka kwa dakika ishirini na moja. Wewe ulikuwa bado umekwama ofisini. Nikakaa kwenye benchi na kofia yangu, nikatazama saa. Mabasi matatu yakaja, yakaondoka. Walipofika ilikuwa dakika thelathini na sita baada yangu. Mtaalamu akateremka kwanza, akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema njia nzima mama yako alikuwa anamsimulia habari za fundo moja. Ni mtu mwenye adabu, sikatai. Bado simpendi, lakini siku hizi simpendi kwa kiasi.

Mama yako akaja akichechemea, akaketi pembeni yangu, akaichukua kofia akaiweka mapajani.

"Ulidhani sijui?" akasema. "Miaka yote hiyo?"

Nikauliza kama redio ya mle garini ni nzuri.

"Mbovu," akasema. "Na yeye hadithi zake zote ni za kompyuta. Umenisubiri muda mrefu?"

Nikamwambia, dakika nne.

Mzee wako